Jinsi ya kukagua na kutunza chapa za zamani za maua zilizopakwa rangi kwa mkono

Ukishika chapa ya zamani ya ua, yaani ile picha iliyochapwa kwenye karatasi alafu ikapakwa rangi kwa mkono, usianze kuangalia ua. Najua ni ngumu manake ua ndo lililokuvuta, ile waridi au iris imekaa pale na rangi zake kama imechumwa leo asubuhi, lakini ua ndo sehemu rahisi kuiga kuliko zote. Siku hizi mtu anaskani ukurasa wa kitabu cha 1790, anaprinti kwenye karatasi nene, anailoweka kwenye chai ikauke, alafu anapiga picha na simu kwenye mwanga hafifu, na kwa picha hiyo hata mzoefu anaweza kubabaika. Kinachosema ukweli ni vitu vitatu, mstari, karatasi na rangi. Kila kimoja kina umri wake na kila kimoja unakikagua peke yake bila kukichanganya na kingine, alafu mwisho unaangalia kama vyote vinataja miaka ileile. Vikikubaliana una kitu cha kweli mkononi. Kimoja kikigoma, hapo ndo maswali yanaanza, na mara nyingi jibu linakuwa la kuvutia kuliko ulivyotegemea.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya kukuza mara 10 ile wanayotumia masonara, tochi ndogo ya kawaida, tochi ya mwanga wa UV ile ya kukagulia noti, rula, na penseli. Kalamu ya wino weka mbali kabisa, chai na maji pia. Nawa mikono ikauke vizuri, shika karatasi kwa pembe mbili, na ifanyie kazi mezani ikiwa imelala, usiinyanyue upande mmoja ikajikunja.

Mstari kwanza

Ukijua hizi chapa zilivyotengenezwa utajua cha kutafuta. Mchongaji alichukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, akachora juu yake mchoro wa mmea kwa kukata mifereji midogo na patasi ndogo yenye ncha, au kwa kuacha asidi iitafune shaba pale alipokwaruza, mara nyingi vyote viwili kwenye bamba moja. Wino unapakwa bamba zima, unafutwa juu, unabaki ndani ya mifereji tu. Alafu karatasi iliyoloweshwa ikawa laini inawekwa juu ya bamba na vyote vinapitishwa katikati ya roli mbili nzito. Karatasi inasukumwa mpaka ndani ya mfereji, inatoka na wino. Ndo maana kwenye chapa ya kweli wino haujalala ndani ya karatasi, umesimama juu yake.

Sasa zima taa kubwa, washa tochi, ilaze karibu na meza ili mwanga upite pembeni juu ya karatasi, alafu weka lenzi kwenye mshipa wa jani. Utaona mstari una kimo, una kivuli kidogo upande mmoja, unaanza mwembamba unanenepa unakwisha na ncha kali pale patasi ilipotoka kwenye shaba. Wino ni mweusi mzima, hauna nukta ndani yake. Hiki kitu ukikiona mara moja hutakisahau na baada ya hapo macho yako yatakuwa yanakitafuta yenyewe.

Kopi ya kisasa ya mashine ya uchapaji itakuonyesha nukta za bluu, waridi, njano na nyeusi zilizojipanga kwa utaratibu uleule karatasi nzima. Ya printa ya kawaida itakuonyesha vinukta vidogo sana vilivyonyunyizwa. Njia ya haraka ni kuangalia maandishi yaliyo chini ya ua, jina la mmea au la mchongaji. Kwenye chapa ya shaba herufi zimechongwa na wino wake ni mzima. Herufi zikiwa zimetengenezwa na nukta za rangi rangi, kazi imeisha, hata karatasi iwe imechakaa na kutoboka vipi.

Ila kuna mtego hapa na watu wengi wanaoanza wananaswa nao. Pierre-Joseph Redouté, yule mchoraji wa maua aliyefanya kazi Ufaransa ambaye kitabu chake cha waridi kilitoka kati ya 1817 na 1824, chapa zake zimejaa nukta, na nukta zenyewe zina rangi! Mtu anaweka lenzi anaona nukta za kijani na za waridi anasema hii feki. Hapana. Zile nukta zilichomwa moja moja kwenye shaba, alafu kabla ya kila chapa fundi alikuwa anapaka wino wa rangi tofauti sehemu tofauti za bamba hilohilo, kijani kwenye majani, waridi kwenye petali, anafuta kwa uangalifu, anachapa mara moja, alafu mpakaji wa rangi anakuja kumalizia kwa brashi. Tofauti utaiona ukitulia. Nukta za Redouté hazilingani ukubwa, zinafuata mkunjo wa petali, zinasongamana penye kivuli na kutawanyika penye mwanga, na sehemu nyeupe ya karatasi haina nukta hata moja. Nukta za mashine hazijali petali wala nini, zimepangwa kwa mstari hata kwenye kivuli cha karatasi na kwenye doa, manake doa nalo lilipigwa picha. Kwangu mimi hizi za nukta ndo kilele cha ufundi wote huu, na mtu akipata nafasi ya kuweka lenzi juu ya moja ya kweli asiikose.

Kuna na zile zilizochapwa kwa jiwe, litografia. Hizo wino umelala bapa, mstari unaonekana wa chembechembe kwa sababu ulichorwa kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe, na hakuna alama ya bamba pembeni. Litografia sio feki, ni njia nyingine tu ya baadaye, ilianza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1790. Jarida la mimea la William Curtis lililoanza London 1787, ambalo ndo chapa zake unakutana nazo mara nyingi kuliko zote, lilikuwa linatumia bamba za shaba mpaka miaka ya 1840 alafu likahamia kwenye jiwe, na rangi ikaendelea kupakwa kwa mkono mpaka 1948. Kwa hiyo chapa ya jarida hilo ya 1890 muuzaji akikwambia imechongwa kwenye shaba amekosea, ingawa rangi ni ya mkono kweli. Na ukirudi nyuma kabisa, miaka ya 1500, utakuta zilizochapwa kwa mbao, mstari mnene, umekandamizwa kwenda ndani ya karatasi badala ya kusimama juu.

Alama ya bamba ni ule mstatili uliobonyea kuzunguka mchoro pale ukingo wa shaba ulipoikandamiza karatasi. Pitisha kidole taratibu utauhisi. Watu wanaipenda sana hii alama na kuifanya ushahidi mkuu, mimi naiweka chini kidogo. Chapa nyingi zilitoka kwenye vitabu na mafundi wa kujalidi walikata kingo ili kurasa zilingane, kwa hiyo alama inaweza kukosekana kwenye chapa ya kweli kabisa, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuibonyeza kwenye kopi pia.

Karatasi

Inyanyue polepole mbele ya dirisha au weka tochi nyuma yake. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ikachotwa kwa fremu ya waya, na zile nyaya ziliacha alama. Kama utaona mistari myembamba iliyosongamana inakatizwa na mingine iliyoachana kama ngazi, hiyo ni karatasi ya mtindo wa zamani iliyotumika Ulaya kote kabla ya miaka ya 1750. James Whatman wa Uingereza ndo alileta karatasi isiyo na mistari hiyo katikati ya miaka ya 1750, wachapaji wa michoro wakaipenda kwa sababu uso wake ni laini na rangi inakaa vizuri. Chapa yenye tarehe ya 1740 kwenye karatasi isiyo na mistari ina la kujieleza.

Ukibahatika utaona alama ya maji, jina la mtengenezaji au nembo yake, na kwa karatasi za Uingereza kuanzia 1794 mara nyingi kuna na mwaka, kwa sababu sheria ya kodi ilimpa unafuu anayeuza nje karatasi iliyowekwa mwaka. Hapa sasa tumia akili, usikimbilie kusema feki. Bamba la shaba lilikuwa mali, lilihifadhiwa na kuchapwa tena miaka mingi baadaye wateja wakihitaji. Kwa hiyo unaweza kukuta chini imeandikwa tarehe ya 1788 na alama ya maji inasema 1806, maana yake bamba ni la 1788 na hii karatasi ilichapwa 1806 au baada ya hapo. Bado ni ya kale, bado ni ya kweli, ila ni ya mkupuo wa baadaye na bei inatakiwa iseme hivyo. Ukikosa alama ya maji usihuzunike, karatasi moja kubwa ilikatwa vipande kadhaa na alama ilibaki kwenye kipande kimoja.

Zima taa zote uwashe tochi ya UV. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya vita vya pili vya dunia zina dawa ya kung'arisha na zinawaka bluu nyeupe. Ya matambara inabaki hafifu, ya njano njano au kijivu. Kipimo hiki ni cha sekunde tu na kinachuja feki nyingi sana, lakini kinafanya kazi upande mmoja, ikiwaka ujue kuna shida, isipowaka haimaanishi umepona, kuna karatasi za leo ambazo hazina hiyo dawa.

Alafu geuza nyuma, watu wanasahau kugeuza. Upande wa kushoto angalia kama kuna vitundu vya uzi wa kujalidi au ukingo uliochanika kidogo. Angalia kivuli cha kahawia cha mchoro au cha maandishi ya ukurasa uliokuwa umelaliana nao kwa miaka mia mbili. Hivi ni vitu vya kawaida kabisa kwa karatasi iliyotoka kitabuni na mimi huwa navifurahia. Madoa madogo ya kahawia yaliyotapakaa nayo ni kawaida, yanatokana na unyevu, kuvu na uchafu wa madini kwenye karatasi. Karatasi nyeupe pee isiyo na kosa lolote ya 1750 inaweza kuwepo, ila muulize muuzaji kama imewahi kuoshwa au kupaushwa na dawa.

Rangi

Hapa ndo penye utamu na ndo penye migogoro. Rangi zilikuwa za maji, unga wa rangi ukichanganywa na gundi ya mti wa mgunga. Msanii au mchapaji alitengeneza karatasi moja ya mfano, alafu kundi la wapakaji, wengi wanawake na watoto, walikaa wanaifuata mfano huo, mamia ya nakala. Kwa hiyo nakala mbili za ua lilelile hazifanani kabisa, moja ina kijani kizito nyingine kimepauka, na hiyo haikutakiwa kukutia shaka. Tena ukikuta nakala mbili zinafanana mpaka tone la rangi lilipomwagikia nje ya mstari, hapo ndo uogope.

Kwa lenzi tafuta ukingo wa petali. Rangi ya brashi inakusanyika pembeni pale ilipokaukia, inaacha mpaka mweusi kidogo, inapita juu ya mstari wa wino au inaishia kabla ya kuufikia. Rangi yenyewe haina nukta, ni utando unaoendelea. Kwenye majani mazito unaweza kuona sehemu inayong'aa ukiinamisha karatasi, hiyo ni gundi iliyopakwa juu ili kuzidisha kina cha kijani.

Kuna dalili mbili za uzee ninazozipenda kwa sababu ni ngumu kuzighushi. Ya kwanza ni kijani cha shaba. Kile kijani kinakula karatasi taratibu, kwa hiyo geuza nyuma ya jani, ukiona umbo la jani limejitokeza kwa kahawia, rangi hiyo imekuwepo pale muda mrefu. Ya pili ni nyeupe ya risasi, ambayo ikikutana na gesi yenye salfa hewani inageuka kijivu au nyeusi, unakuta ua jeupe lina ukungu wa kijivu sehemu ambazo mpakaji alitaka zing'ae kuliko zote.

Swali gumu zaidi linakuja pale mstari ni wa kale, karatasi ni ya kale, lakini rangi ni ya juzi. Hii ni kawaida mno, kwa sababu vitabu vingi viliuzwa kwa bei mbili, vyenye rangi na visivyo na rangi, na visivyo na rangi vilipakwa baadaye ili viuzike. Kitabu kikubwa cha bustani ya Eichstätt, Ujerumani, alichotoa Basilius Besler mwaka 1613, chenye bamba 367, ni mfano mzuri. Kwenye toleo hilo nakala zilizokusudiwa kupakwa rangi zilichapwa bila maandishi nyuma ili rangi isigombane na wino, na nakala za bei ndogo zilikuwa na maandishi nyuma. Ukiletewa karatasi ya Besler yenye rangi kali na nyuma imejaa maandishi, uliza rangi imeingia lini. Dalili nyingine za rangi mpya, imepita juu ya doa la kahawia badala ya doa kutokea ndani ya rangi, imeingia kwenye nyufa za mkunjo au kwenye mchaniko, imesambaa na kufifia kingo kwa sababu gundi ya asili ya karatasi imeshachoka na karatasi inanyonya. Na kile kivuli cha nyuma cha majani hakipo. Rangi mpya haiifanyi chapa kuwa takataka, ila muuzaji anatakiwa aseme, na wewe ulipe bei ya hicho ulichouziwa.

Maandishi ya chini

Chini kushoto utakuta jina linaloishia na "del." au "pinx.", huyo ndo aliyechora. Kulia jina lenye "sculp." ni la mchongaji. Kwa chapa za Uingereza mara nyingi kuna na tarehe na jina la mchapishaji, kwa sababu sheria iliyoanza 1735 iliwalinda wachongaji kwa masharti kwamba tarehe na jina viandikwe kwenye bamba. Jina la mmea nalo linasaidia, majina ya maneno mawili tuliyozoea yalisimikwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, kabla ya hapo mmea uliitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini.

Usiamini jina kubwa bila kulinganisha. Elizabeth Blackwell alichora, akachonga na kupaka rangi mwenyewe michoro 500 kati ya 1737 na 1739, mama yule alikuwa anatafuta hela ya kumtoa mumewe gerezani kwa deni, na kazi yake inanigusa sana. Lakini baadaye michoro yake ilichongwa upya Nuremberg, Ujerumani, kwenye bamba nyingine, na zote zinauzwa kwa jina la Blackwell. Ingia onlaini kwenye maktaba ya Biodiversity Heritage Library, ni bure, tafuta kitabu husika, fungua ukurasa wenyewe uweke pembeni ya chapa yako. Hesabu majani, angalia mizizi, herufi zimekaaje, namba ya bamba iko kona ipi. Dakika kumi za kulinganisha zinakuokoa na mengi.

Kama unanunua kwa mbali

Omba picha za ziada na usione aibu, ya nyuma yote, ya mwanga wa pembeni, ya mwanga unaotoka nyuma, na moja ya karibu sana ya maandishi. Muuzaji mwaminifu anakutumia bila kununa. Anayekwambia haiwezi kutolewa kwenye fremu muache aendelee nayo, kwenye fremu hujui kingo zimekatwa vipi wala imegandishwa na nini. Na kitu kingine ambacho kinaniuma, kuna watu wanachukua kitabu kizima kilichosalimika miaka mia mbili na zaidi wanakichana ili wauze ukurasa mmoja mmoja. Vilivyochanwa zamani vimeshachanwa, ila uliza, na kama kitabu kimevunjwa mwaka huu mimi nisingenunua.

Ikishakuwa yako

Adui mkubwa ni mwanga. Waridi na zambarau ndo zinaanza kuondoka, na zikiondoka hazirudi. Makumbusho wanaweka karatasi za namna hii kwenye mwanga wa laksi 50 hivi, ni hafifu kuliko unavyofikiri. Kwa hiyo usitundike ukuta unaopigwa na jua, weka kioo kinachozuia UV, na hata hivyo ipumzishe, miezi michache ukutani alafu irudi kwenye folda gizani utundike nyingine.

Kwenye fremu tumia kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, ya mbele ikatwe dirisha ili kioo kisigusane na rangi, unyevu ukiingia kati ya kioo na karatasi rangi inaganda kwenye kioo. Chapa ishikiliwe juu tu kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, chini iachwe huru ipumue. Selotepu usiifikirie, hata ile inayouzwa kwa jina la kutunza picha, gundi yake inazama ndani inaacha doa la njano ambalo hata fundi bingwa anahangaika nalo. Laminesheni ndo kabisa.

Usiioshe. Nimeona watu wanaelekezana kuloweka chapa kwenye maji ili madoa yatoke, kwa chapa nyeusi tupu mafundi wanafanya hivyo kwa utaalamu wao, lakini rangi hizi zimeshikwa na gundi inayoyeyuka kwenye maji, utatoa ua zima. Vumbi toa kwa brashi laini sana, kutoka katikati kwenda nje, na pale rangi inapomeguka usiguse kabisa. Unyevu wa chumba ukae kama asilimia 50, kuta za bafuni na jikoni hazifai, na fungua folda mara kwa mara uangalie wadudu wanaokula karatasi.

Jambo la afya nalo. Baadhi ya kijani cha kung'aa cha miaka ya 1800 kina aseniki ndani yake, na nyeupe na nyekundu nyingine zina risasi. Ikiwa ukutani ndani ya kioo haina neno, ila ukiishika nawa mikono, usile mezani hapohapo, usilambe kidole kugeuza karatasi, na watoto wasiichezee.

Mwisho chukua penseli laini, uandike nyuma kwenye kona ya chini, taratibu bila kukandamiza, imetoka kitabu gani, mwaka, na namba ya bamba. Taarifa zingine ndefu, kama ulivyoipata na uliyoyaona kwa lenzi, ziandike kwenye karatasi tofauti isiyo na asidi uiweke kwenye folda pamoja na risiti. Ikichanika au ikiota kuvu iweke yenyewe mbali na nyingine, sehemu kavu, uipeleke kwa fundi wa kutunza karatasi kabla hujajaribu chochote.